Ngitili Ndani ya Chumba cha Seva

Wanaosema alikuwa mkorofi hawajakosea, na mimi sitawabishia. Alikuwa mkorofi. Nimefanya naye kazi miaka mingi pale Bariadi na sijawahi kumsikia akisema "sawa bosi" kwa jambo ambalo halikuwa sawa. Ninachowabishia ni namna wanavyolitamka hilo neno, kwa kushusha sauti, kana kwamba wanataja ugonjwa wa aibu. Mimi nalitaja kwa sauti ya juu. Hospitali yetu ilijaa watu wapole, na upole wao nusura utupotezee kumbukumbu za wagonjwa wote, kuanzia picha za eksirei hadi majibu ya maabara.

Tulimwita Mkuu wa Kitengo, kwa kifupi Mkuu. Kitengo chenyewe kilikuwa cha TEHAMA, na ukiacha fundi umeme tuliyemwazima kwa zamu, kilikuwa ni yeye na mimi. Wagonjwa walimwita mama wa kompyuta. Hospitali siitaji jina. Ni ya misheni, nayo ina zahanati zake huko nje, mojawapo Kalemela, karibu na ziwa. Jina la Mkuu nalo silisemi. Wanaomjua watamtambua kabla hawajafika katikati ya ukurasa huu, na wasiomjua halitawasaidia kitu.

Mimi natoka Tanga. Siku yangu ya kwanza kazini alinikuta mlangoni asubuhi, akasema, "Mwangaluka." Nikajibu, "Salama, shikamoo." Akatikisa kichwa. "Huku ukiambiwa mwangaluka unarudisha mwangaluka. Shikamoo yako nimeipokea, lakini hukuulizwa." Nikarudisha mwangaluka. Ndipo akanipa mkono, akaniuliza habari za safari, za mama, za baba, na za mvua ya kwetu, tena akasubiri majibu yote.

Kiswahili chake kilinichoma masikio miezi ya mwanzo. Kwetu hata ukimtuma mtoto chumvi unamwomba. Yeye alisema "leta", "weka", "toa". Siku moja nilimwambia, "Mkuu, naomba kama hutajali unisogezee ile koleo." Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mtanga," akasema, "siku nyumba ikiwaka moto wewe utaanza kwa kupiga hodi." Kuanzia siku hiyo nikawa Mtanga, na jina hilo likawa langu hospitali nzima, mpaka mapadri wakaniita hivyo.

Watu wengi hudhani kazi yetu ni kompyuta. Yeye alisema kazi yetu ni mazungumzo. Kabla hajagusa kebo yoyote alitaka ajue nani anaongea na nani, nani hana ruhusa ya kuongea na nani, na mmoja akinyamaza nani atajibu badala yake. Maswali hayo alikuuliza hata ukitaka kuhamisha kompyuta moja kutoka mapokezi kwenda famasi. Kama huna majibu, huhamishi. Wenye haraka zao walipita dirishani kunijaribu mimi, nami mwanzoni nilikuwa na moyo laini, lakini baada ya kukaripiwa mara kadhaa nikajifunza kusema, "Mngoje Mkuu."

Alikuwa na namna yake ya kupanga ambayo sijaiona kwingine. Familia yake ya Kasoli ni ya wakulima wa pamba, na kila aliporudi kutoka huko alikuja na mafundo ya uzi mnene wa pamba. Tulipokuwa na mpango mpya wa mtandao, alisogeza meza za chumba cha mikutano ukutani, akaweka viti mahali pa seva na maboksi matupu mahali pa swichi, vile visanduku vinavyokutanisha kebo, halafu akatandaza nyuzi sakafuni. Kisha akanituma nizifuate kwa miguu. "Wewe sasa ni picha ya eksirei," aliniambia. "Umepigwa. Nenda ukahifadhiwe." Nikatembea juu ya uzi mpaka kwenye kiti. Njiani akakata uzi kwa mkasi. "Umekatika. Unapita wapi?" Kama hapakuwa na uzi wa pili, nilibaki nimesimama katikati ya ukumbi, naye akabaki amenikodolea macho mpaka mwenyewe nione aibu na kulifikiria. Daktari wa watoto aliyewahi kutukuta hivyo alifunga mlango taratibu, akaondoka bila kuuliza.

Nimekaa na wataalamu wenye vyeti vizito, na wengi huanza na mashine. Wananunua, wanafungua boksi, ndipo wanajiuliza itakaa wapi na itazungumza na nani. Mkuu alianza na uzi wa pamba kwa sababu, alisema, uzi hauna garantii, haukudanganyi kuwa utadumu. Na yeye mwenyewe alikuwa na cheti kizito. Alikificha kwenye droo pamoja na betri zilizokufa.

Hapa lazima nieleze ngitili, maana bila hiyo hutamwelewa. Usukumani mtu mwenye mifugo hutenga kipande cha malisho mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia humo. Majani yanakua mpaka yanafika kiunoni, mifugo inapita pembeni ikiyatamani, na mwenyewe anakaza roho. Kiangazi kikishika, kwingine kote kumekuwa vumbi, ndipo ngitili inafunguliwa, na wanaoingia kwanza ni ndama na ng'ombe wadhaifu. Mgeni akipita wakati wa mvua anaona pori tu. Anajiuliza kwa nini watu hawa wanalaza malisho mazuri hivi.

Mkuu aliweka ngitili kwenye mtandao. Kila kifaa kinachoongea mtandaoni kinahitaji anwani yake, na anwani zetu alizigawa kwenye chati kubwa ukutani: wodi hizi, maabara hizi, ofisi hizi. Fungu moja alilipaka rangi ya kijani na halikuwa la mtu yeyote. Kwenye swichi nako aliacha matundu kadhaa matupu, ameyaziba kwa vifuniko. Ukimwuliza ya nini, anajibu, "Ngitili." Ukisema mbona zimekaa bure, anajibu, "Mvua bado inanyesha." Wenyeji walicheka na kumwelewa. Sisi wa kuja tulicheka tu.

Nisije nikamfanya malaika. Mtu aliyedai njia mbili kwa kila kitu alikuwa na ufunguo mmoja wa chumba cha seva, nao ulikaa ndani ya mkoba wake. Mmoja! Siku moja yuko mnadani Kasoli, simu ameisahau nyumbani kama kawaida yake, umeme ukakatika na kurudi vibaya, na sisi tukabaki mlangoni na fundi umeme mpaka aliporudi akiendesha baiskeli yake pole pole. Nilimwambia, kwa ile heshima ya Tanga, kwamba pengine ufunguo nao ungestahili njia ya pili. Akasema, "Ufunguo si kebo," akafungua, akaingia. Hilo ndilo lilikuwa jibu lote. Wakati huo huo nyumba yake mwenyewe haikuwa na kufuli. Majirani waliingia kuchukua chumvi akiwa kazini, na simu yake mtoto yeyote wa mtaa aliichezea.

Alikuwa mkali kupita haki pia. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alichomeka birika la umeme kwenye soketi ya mashine zetu, Mkuu akamfokea mbele ya wagonjwa mpaka dada wa watu akalia. Baadaye tukajua soketi za wodini zote zilikuwa zimekufa na maji yale yalikuwa ya kumwogeshea kichanga. Mkuu hakuomba radhi. Jioni alikwenda nyumbani kwa muuguzi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa kutoka kwao, akakaa sebuleni kimya mpaka chai ikapoa, akaondoka. Muuguzi michembe aliila, lakini hajamsamehe mpaka leo, nami simlaumu.

Na aliimba vibaya. Alikuwa kwenye kwaya ya parokia, sauti ya pili, na hakumfuata mwalimu wa kwaya hata kidogo. Ukimwangalia mwalimu wa watu anavyopunga mikono kuelekea upande wake, ulijua kuna mtu mwingine Bariadi anayeteseka kama sisi.

Sasa nije kwenye ile mashine. Kwa miaka mingi kila idara ilihifadhi mambo yake kwenye kompyuta yake: eksirei huku, maabara kule, mafaili ya wagonjwa kwingine. Kompyuta ikifa, inakufa na siri zake. Mama mmoja wa Kimali aliwahi kupigwa picha ya kifua mara tatu kwa kuwa kila akirudi ile ya zamani haionekani. Wafadhili wakakubali kutununulia mfumo mmoja mkubwa wa kuhifadhi data za hospitali yote, pamoja na mashine ndogo ya nakala iliyowekwa zahanati ya Kalemela, ili Bariadi ikiungua kitu kibaki. Siku makabati yalipoteremshwa kwenye lori, Mkuu alishika mlango wa stoo akatabasamu, na mimi nilidhani meno yanamuuma, sikuwa nimezoea.

Mpango wake ulikuwa tayari zamani. Mfumo ule ulitaka barabara tatu zisizochanganyika: moja ya data kutoka kwenye seva, moja ya nakala kwenda Kalemela, na moja ya sisi wasimamizi. Ulitaka swichi mbili za peke yake, zisizoguswa na ofisi. Mashine yenyewe ilikuwa na vichwa viwili: cha kwanza kinafanya kazi, cha pili kimekaa kimya na anwani yake, kinasubiri siku mwenzake akianguka kiinuke na kushika mzigo. Anwani hiyo ya kusubiri alikuwa ameiweka ndani ya ngitili.

Shida ni kwamba zile swichi mbili hazikufika. Mara zimekwama bandarini, mara zimeagizwa upya. Na wafadhili walikuwa wametangaza siku ya kuja kuuzindua mfumo.

Katibu wa Hospitali, ambaye ndiye mtawala wetu, hakuwa mtu mbaya. Alitoka Kagera, aliwajua watoto wetu kwa majina, na alipofiwa mtu alikuwa wa kwanza kufika. Aliogopa jambo la haki kabisa: wageni wakikuta mashine imezimwa, mwaka unaofuata msaada utakwenda hospitali nyingine. Akaitisha kikao. Alikuwepo daktari wa eksirei, injinia kijana wa kampuni iliyotuuzia mashine aliyetoka Dar, Mkuu na mimi.

"Mama," Katibu alianza kwa upole, "injinia anasema tunaweza kuiunganisha kwenye swichi hii hii ya ofisi, angalau tuwashe. Swichi zikija, tutahamisha."

"Hatutahamisha," Mkuu akasema. "Ikishawaka na wageni wakapiga picha, nani atakubali izimwe tena ihamishwe? Itakaa hapo mpaka ituzike."

"Mama, kiufundi inapiga kazi fresh tu," injinia akasema. "Njia ni njia. Kwa nini tatu wakati moja inatosha?"

Mkuu akamgeukia daktari. "Wagonjwa wa kipindupindu na akina mama wajawazito, unawapitisha mlango mmoja?"

Daktari akasema hapana.

"Kwa nini? Mlango ni mlango."

Katibu akaweka kalamu chini. "Wewe ni mtaalamu, hilo hakuna anayebisha. Lakini hospitali hii si yako."

"Kweli si yangu. Ndiyo maana siichezei."

"Basi nakuagiza."

"Niagize. Mimi sifungi."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimkatalia mkubwa bila kuzunguka, bila "naomba kutofautiana", bila hata kuinua sauti. Mzee wa uhasibu alimfuata nje akamnong'oneza, "Mayu, mama yangu, mwenye nguvu mpishe." Akamjibu, "Mpisheni ninyi mliosimama njiani. Mimi nipo kazini."

Injinia akafunga yeye. Katibu alichukua ule ufunguo mmoja mkononi kwa Mkuu mwenyewe, na Mkuu akautoa; alisema kumkatalia mkubwa ni jambo moja, kumfungia mlango ni jingine. Alishika sharti moja tu, kwamba kompyuta za zamani za idara zisifutwe. Mashine ikaunganishwa kwenye swichi ya ofisi, picha zikaanza kunakiliwa, taa zikawaka kijani na samawati, na watu wakaja kuchungulia. Kila mtu alifurahi. Mimi pia, nisiseme uongo, nilianza kujiuliza kama mama huyu hakuzidisha.

Mchana wa siku moja kabla ya wageni kufika, Mkuu alikwenda ofisini kwa Katibu nami nikiwa nyuma yake. "Naomba kitu kimoja," akasema, na hilo neno "naomba" lilinishtua kuliko yote. "Nichomoe kebo moja, mbele yako. Mashine ikiendelea, nitaweka saini yangu na kesho nitawapokea wageni kwa wimbo."

Katibu alicheka. Alikuwa anaijua sauti yake ya kwaya. Akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa ameshaamini taa.

Tukakusanyika chumba cha eksirei. Daktari akafungua kwenye kioo picha ya nyonga ya bibi mmoja wa Kasoli aliyeanguka kisimani. Ilitoka safi. Mimi nikabaki hapo na Katibu na daktari, Mkuu na injinia wakaingia chumba cha seva kilicho mlango wa pili, milango yote wazi. Akatangaza kwa sauti, "Nachomoa kichwa cha kwanza." Daktari akajaribu kufungua picha ya pili ya bibi yule. Kioo kikaganda.

"Subirini, itarudi," injinia akasema kutoka ndani. "Kichwa cha pili kinaamka."

Tukasubiri. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba hifadhi haipatikani. Daktari akabonyeza, akabonyeza tena. Akageuka kwa Katibu akasema maneno niliyoyakumbuka miaka yote, "Kama huyu bibi angekuwa mezani sasa hivi, ningemkata kwa kukisia."

Wakati huo karani wa Katibu akatokea koridoni akilalamika kwamba printa mpya ya ofisini imegoma ghafla, haichapi kitu.

"Haijagoma," Mkuu akasema, akitoka na kebo mkononi. "Imekalia kiti cha mtu, na mwenye kiti amerudi."

Ikajulikana hivi. Injinia alipofunga printa mpya za ofisi alihitaji anwani. Alizipigia zile za kijani moja moja kuona kama kuna kifaa kitakachojibu. Hakuna kilichojibu. Akadhani hazina mwenyewe, akaipa printa anwani ile ile iliyokuwa inakisubiri kichwa cha pili. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye swichi moja, hapakuwa na uzio wa kuizuia printa isiingie. Siku kichwa cha pili kilipoamka kushika mzigo, kikakuta printa mahali pake, vikagombana, na picha za hospitali nzima zikakosa mlango.

"Lakini ilikuwa kimya, Mama," kijana akasema, na alikuwa ameumia kweli. "Niliita, hakuna aliyeitika."

"Ngitili haiitiki," Mkuu akamwambia. Hakumfokea. Alimfokea muuguzi wa maji ya moto, huyu hakumfokea, na mpaka leo sijui kwa nini.

Aliyekasirika alikuwa Katibu. "Umeniaibisha mbele ya watu wangu," alisema.

"Kama ningetaka kukuaibisha ningengoja kesho."

Wageni walikuja. Waliiona mashine, wakaambiwa iko kwenye majaribio, wakapiga nayo picha, wakala pilau, wakaondoka. Hawakuhamisha msaada kwenda popote. Swichi zilifika baadaye, tukaufunga mfumo kama ulivyotembezwa juu ya uzi wa pamba, na unafanya kazi hivyo hadi leo. Mtu angedhani basi Mkuu atashukuriwa. Alipewa barua ya uhamisho, kwa maslahi ya kazi, kwenda zahanati ya Kalemela. Mhandisi mzima, kwenda kukaa na mashine ya nakala, printa moja na ndoo ya kudekia.

Nililia chooni, kwa hasira. Nilimwambia tuandike, tukate rufaa, tuwaone mapadri. Akasema, "Nikate rufaa ya nini? Nilikataa, wamekataa. Kila mtu amesema lake." Hakutaka sherehe ya kuagwa kwa sababu, alisema, atakayesoma hotuba ni yule yule aliyesaini barua. Alinikabidhi chati, nyuzi za pamba, na ule ufunguo, aliorudishiwa swichi zilipofika, ambao bado ulikuwa mmoja. Nilikwenda kuchongesha wa pili mchana huo huo.

Nikawa mimi ndiye mkuu wa kitengo. Cheo ni kile kile lakini hakuna aliyeniita Mkuu, nilibaki Mtanga. Nilijifunza kwamba watu humwogopa mkorofi na humzoea mpole. Ofisi zilianza kunijia dirishani: anwani moja tu, tundu moja tu, la muda. Nilikuwa nawazungusha. Nilisema nitaangalia, nitashauriana, mfumo unasumbua wiki hii. Sikuwa nimemnyima mtu wala sikuwa nimempa. Nilijiona mjanja.

Kisha Katibu, yule yule, akanunua kamera za ulinzi za geti na ukumbi. Akaniita. Alikuwa na hoja nzuri, kama kawaida yake: wizi wa mashuka umezidi, swichi mpya zina matundu matupu tangu zifungwe, na kwenye chati kuna fungu zima la anwani halitumiki. Kwa nini anunue swichi nyingine? "Hatuwezi kuendelea kuheshimu pori, Mtanga," alisema. "Aliyelitenga hayupo." Nikamwambia nitakwenda Kalemela kumwuliza. Akasema niende, ila jibu alitaka siku hiyo hiyo. Kamera zile zikiingia, uzio wa barabara ya data umetobolewa, na kamera za bei nafuu ndizo za kwanza kuingiliwa na watu wa nje. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na saini ya kuurefusha ni yake.

Nilipanda basi la Lamadi asubuhi, nikamalizia kwa bodaboda. Nilimkuta nyuma ya zahanati, amekaa kwenye kigoda, anaparua sato juu ya ubao. Alikuwa amekonda kidogo na nywele zimeingia mvi. Nikasema mwadila, maana ilikuwa mchana. Akarudisha mwadila, akaniuliza habari za safari, za mama, za mvua ya kwetu. Baba yangu alikuwa amefariki ndani ya miaka tuliyokuwa hatujaonana. Hakumtaja kwenye maswali, ila alipofika mahali pake alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Ndipo nilipojua kwamba habari zangu alikuwa anazifuatilia.

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimepanga vizuri: aandike barua fupi kama mtaalamu aliyebuni mfumo, aeleze kwa nini fungu lile lisiguswe, nami nitaipeleka. Katibu hatabishana na barua yake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku magamba yakiruka.

"Wewe unajua jibu?" akauliza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiita."

"Sasa safari yote hii umekuja nikukatalie mimi?"

Nikasema si hivyo, ila neno lake lina uzito. Akasema neno lake liko Kalemela, na mashine iko Bariadi. Nikasema nikikataa mimi, anaweza kuniondoa.

"Anaweza," akasema. "Mimi aliniondoa. Picha za watu zipo."

Nilikuwa nimetaka aniambie nisiogope, mkataba utarefushwa tu, Katibu ana roho nzuri. Hakuniambia hata moja. Alimgeuza samaki upande wa pili.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Katibu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Vipi Mtanga, umemwona bibi yetu? Amekubali?"

Nilimtazama Mkuu. Hakuinua macho.

"Sijamwomba akubali," nikasema. "Ninayekataa ni mimi."

"Unasemaje?"

"Kamera haziingii kwenye zile swichi. Sifungi. Nunua nyingine, nitakufungia kesho hiyo hiyo."

Akasema tutaongea nikirudi, nikamwambia sawa, nitakuwa ofisini asubuhi, na simu ikakatwa. Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo na sketi yangu ya kazini. Mkuu akanisogezea kisu cha pili na sato mmoja mzima.

"Parua," akasema.